Maswali na majibu: Theluji ikikukuta Lesotho na gari lililozoea joto

Barua hizi zimetoka kwa wasomaji wanaojiandaa kuendesha kutoka Afrika Mashariki hadi milima ya Lesotho, wengi wakipandia Sani Pass (barabara ya mlimani yenye kituo cha mpaka) upande wa Afrika Kusini na kupiga kambi huko juu.

Tunatoka Arusha mwezi wa saba na Land Cruiser ya dizeli. Fundi wetu anasema gari halina tatizo. Kuna cha kubadilisha? – Msomaji, Arusha

Kipo, na kinaanzia kwenye rejeta. Magari mengi ya kwetu yanatembea na maji ya bomba, au na kulanti iliyoongezwa maji kila ilipopungua mpaka ikabaki rangi tu. Juu ya Sani ni karibu mita 2,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka chini ya sifuri hata kama hakuna theluji. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yasipopata pa kwenda, yanapasua rejeta, pampu ya maji au bloku yenyewe, na ufa wa bloku hautengenezwi kando ya barabara.

Mwaga yote, suuza, kisha jaza nusu kulanti ya glaikoli na nusu maji ya betri (yale yasiyo na tindikali, tafadhali). Mchanganyiko huo huvumilia mpaka nyuzi 35 hivi chini ya sifuri. Wakati wa kusuuza weka hita ya ndani kwenye joto la mwisho, maana maji ya zamani hujificha humo. Wala usijaze kulanti tupu ukidhani ndiyo kinga zaidi: glaikoli isiyo na maji huganda mapema kuliko mchanganyiko.

Oili ya 20W-50 huwa nzito mno asubuhi ya baridi. Weka 5W-40 au 10W-40, kitabu cha gari kikiruhusu. Betri inayosuasua asubuhi ya Arusha haitawasha injini huko, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kuondoka. Hita plagi (zinazopasha joto injini ya dizeli kabla ya kuwaka) nazo zipimwe moja moja; iliyokufa hutaisikia ukiwa Arusha. Na tanki la maji ya kuoshea kioo utie dawa isiyoganda, au ulimwage.

Rafiki yetu alikuwa huko: gari liliwaka vizuri asubuhi, likaenda kilomita chache, likaishiwa nguvu na kuzima. Ni nozeli? – Msomaji, Nakuru

Uwezekano mkubwa ni dizeli yenyewe. Ndani yake kuna nta, na baridi ikizidi nta hiyo hujitenga na kuwa chembe zinazoziba filta. Mafuta yaliyopo kwenye bomba yanatosha kuwasha injini, lakini filta ikiziba pampu inakosa cha kuvuta. Dizeli ya nchi za joto haikutengenezwa kwa baridi hiyo. Panga safari tanki likaribie kuisha ukifika eneo la milima, ujaze kwenye vituo vya huko.

Dawa ya kuzuia nta hutiwa mafuta yakiwa bado na joto. Ikishaganda, dawa haiyeyushi kitu. Kabla ya kupanda, fungua skrubu ya chini ya filta utoe maji yaliyotuama, kwa sababu nayo yakiganda yanaziba vilevile. Beba filta mbili za akiba. Likishazima, zungushia filta kitambaa na umimine maji ya moto kidogo kidogo. Usiwashe moto wala jiko chini ya gari. Ule mtindo wa zamani wa kuchanganya petroli au mafuta ya taa uache kabisa kwenye injini za common rail (dizeli za kisasa zenye pampu ya shinikizo kubwa): pampu yake hulainishwa na dizeli hiyohiyo, na kuibadilisha ni gharama kubwa.

Theluji ikianza usiku tukiwa kwenye hema la juu ya gari, tuteremke Sani mapema kabla haijajaa? – Msomaji, Mbeya

Hapana. Mpaka hufungwa saa 12 jioni na kufunguliwa saa 12 asubuhi, kwa hiyo usiku huna pa kwenda. Hata asubuhi subirini. Kona za juu ni kali na ziko kivulini, na maji yanayokatiza barabara huganda kuwa kioo kilichofunikwa na theluji laini. Pale 4x4 haikusaidii kusimama. Inakusaidia kuondoka tu, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Wengine hukimbilia lami ya ndani ya Lesotho, ya Mokhotlong kwenda Butha-Buthe, wakiamini ni rahisi. Njia hiyo inapita mlima wa Mahlasela, zaidi ya mita 3,200, juu kuliko Sani. Wekeni siku mbili za ziada kwenye ratiba, pamoja na chakula chake. Na msidhani hatari huisha Agosti: Septemba 2024 theluji ilifunga barabara kuu ya N3 ya Afrika Kusini karibu na Van Reenen, magari yakakwama humo usiku kucha.

Hema lenyewe ligongeni kwa ndani kila saa moja au mbili theluji idondoke, kwani ikiloa uzito wake huvunja fremu. Upepo ukizidi, likunjeni mlale ndani ya gari. Ukitaka joto, shuka kwanza uchimbue ekzosi mpaka iwe wazi pande zote, washa injini dakika 10 kwa kila saa, na acha dirisha la upande usio na upepo wazi kidogo. Kwa injini ya lita 3 ikinguruma bila gari kwenda (sailensa), usiku mzima utakula lita 2 au 3 tu. Theluji ikiendelea, chimbua ekzosi upya kila mara kabla ya kuwasha. Jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani ya gari wala ndani ya hema, hata kwa dakika tano. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na mtu husinzia kabla hajashtuka.

Tuna cheni tunazotumia kwenye matope. Zitafaa? Zifungwe matairi gani? – Msomaji, Eldoret

Zinafaa, mradi zinalingana na saizi ya tairi na hazigusi mpira wa breki. Bora ni matairi yote manne. Ukiwa na jozi moja, fuata kitabu cha gari. Kwa Land Cruiser nyingi huelekeza nyuma. Tandaza cheni juu ya tairi, sogeza gari nusu mzunguko, funga kulabu ya ndani kwanza, halafu ya nje. Endesha mita 50, simama, kaza tena. Mara ya kwanza hulegea daima. Vaa glavu za mpira, za pamba hulowa na kuganda.

Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Kuteremka ni 4L (gia nzito za 4x4), gia ya kwanza au ya pili, mguu mbali na breki. Bila cheni, kwenye theluji laini punguza upepo kutoka PSI 35 hadi 22 hivi. Ukifunga cheni, rudisha. Loki ya difu ya nyuma (inayofanya magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja) usiiwashe barabara ikiinama upande: magurudumu yote mawili yakiteleza pamoja, mkia wa gari hushuka bondeni.

Hendibreki usiku? – Msomaji, Dodoma

Usivute. Pedi zilizolowa hugandia kwenye ngoma. Weka gia ya kwanza, mawe kwenye magurudumu, waipa ziinue zisiguse kioo.

Jiko letu la mtungi mdogo hugoma kwenye baridi, na mtungi bado mzito. – Msomaji, Nairobi

Soma lebo. Ikiwa ni butani tupu, karibu na nyuzi sifuri haigeuki gesi. Nunua yenye propani ndani yake. Kwa sasa, lala nao ndani ya begi la kulalia, asubuhi uusimamishe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kisha upike nje, nyuma ya gari upande usiopigwa na upepo.