Kofia ya jino: ni lazima?

Dada, pole sana. Umeuliza kama gego lako la chini lililotibiwa mzizi linahitaji kofia kweli, yaani kifuniko kigumu kinachovalishwa juu ya jino, au daktari anatafuta hela. Kwa gego, mimi ningevaa kofia. Jino lililotobolewa na kusafishwa ndani hubaki na kuta nyembamba, na magego ndiyo yanayobeba nguvu ya kutafuna. Mimi niliahirisha, nikatafuna mahindi ya kuchoma, likapasuka hadi chini ya ufizi. Likang'olewa. Bado inaniuma, maana lilikuwa la kuokoa.

Ingekuwa jino la mbele lenye tundu dogo, kuziba tu mara nyingi kungetosha. Kwa hiyo mwombe akuonyeshe kwenye eksirei ni kiasi gani cha jino kimebaki.

Kuhusu hela: uliza bei ya kofia ya chuma. Kwa gego la nyuma ni imara sana, na kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kauri. Uliza pia kulipa kwa awamu, kwani kwa kawaida kazi huchukua miadi miwili. Kama uko Dar, ulizia kliniki ya meno ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Upanga. Wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Wakati unakusanya, tafunia upande wa pili, tafadhali.