Mama amepasuliwa na hana hamu ya kula: je, afunge Ramadhani?

SWALI: Assalamu alaykum ustadh. Mama yangu wa hapa Mumias amefanyiwa upasuaji, akaondolewa sehemu ya mfuko wa chakula. Tangu arudi nyumbani amekonda hadi nguo zinamvuka. Akila vijiko viwili vya ugali, anasukuma sahani. Ramadhani imekaribia naye ameshikilia kufunga. Anasema, "Kama chakula chenyewe hakipiti, si heri nifunge nipate thawabu?" Dada yangu naye humlazimisha kula mpaka mama analia. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amponye mama.

Asifunge. Suratul Baqarah, aya ya 184, imempa mgonjwa nafasi ya kula na kulipa siku nyingine, na aya inayofuata inasema Mwenyezi Mungu anatutakia mepesi wala hatutakii mazito. Saumu ikiwa itamdhuru mgonjwa, wanazuoni wanasema ni haramu kwake kufunga.

Hoja ya "maadamu sili, nafunga" huisikia sana kwa wazee. Lakini kukosa hamu si kutohitaji chakula. Mama anashiba upesi kwa sababu nafasi tumboni imepungua, ilhali mwili unaounga kidonda unadai lishe zaidi. Ndiyo maana wagonjwa kama yeye huagizwa kula kidogo kidogo, mara sita au zaidi kwa siku. Toka alfajiri hadi magharibi hapa kwetu ni zaidi ya saa 13. Hiyo milo ataila saa ngapi? Akisema atafidia kwenye futari, tumbo hilo halibebi futari.

Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Jabir, sahaba wa Mtume, kisa cha mtu aliyepasuka kichwa kwa jiwe safarini, kisha akaota usiku ndoto inayomlazimu mtu kuoga. Aliwauliza wenzake kama anaweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Wakamwambia hana ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema, "Wamemuua," akawalaumu kwa kutouliza wasilolijua. Msomee mama kisa hicho.

Kuhusu dada yako: ipo hadithi kwa Tirmidhi na Ibn Majah inayokataza kuwalazimisha wagonjwa chakula. Baadhi ya wanazuoni wameitilia shaka isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini anayelishwa huku analia hutapika, na hilo halihitaji isnadi. Kutomlazimisha si kumwacha. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na aliyefiwa, akisema alimsikia Mtume akisema kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa. Shayiri ikikosekana, wimbi upo. Mpikieni uji mwepesi wa maziwa, mumpe kwa kikombe cha kahawa, maana bakuli likijaa hushiba kwa macho tu. Omena iliyosagwa, kijiko kimoja ndani ya uji huo, inaongeza nguvu. Yai laini pia, au ndengu zilizopondwa. Maji anywe baina ya milo. Daktari au mtaalamu wa lishe akiagiza vingine, mfuateni yeye.

Na wageni wanaoingia wakisema "Jamani, mbona umekwisha hivi!" waambieni kwa adabu wanyamaze. Mtume alipomzuru mgonjwa alisema, "Hapana neno, ni utakaso inshaallah."

Akipona, atalipa siku zake kidogo kidogo, si lazima mfululizo. Daktari akisema hataweza tena kufunga maisha yake, hapo ndipo kuna fidia: kibaba kimoja cha chakula cha mji, mchele au mahindi, kwa kila siku, apewe maskini. Robo tatu ya kilo inatosha. Katika madhehebu yetu ya Shafi hailipwi kabla ya Ramadhani kuingia, kwa hiyo msikimbilie kuitoa sasa.

Kwa sasa mrudisheni kliniki apimwe uzito. Akitapika kila anachokula, akipata homa, au kidonda kikitoa usaha, msingoje tarehe mliyopewa, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Wallahu a'lam.