Buibui wa kahawia katika nyumba yenye watoto

Ukihamia Kansas City, huku Marekani, utaonywa mapema kuhusu vimbunga. Kuhusu buibui wa kahawia, yule ambaye wataalamu humwita Loxosceles reclusa, hakuna atakayekwambia kitu mpaka umkute mwenyewe ukutani, kwa sababu wenyeji wamemzoea. Yuko kwa wingi Missouri, Kansas, Oklahoma na Arkansas, na anapenda nyumba za zamani zenye nyufa na stoo zilizojaa vitu. Ndizo hizo hizo tunazopanga sisi tuliotoka Tanzania, Kenya na Kongo, maana kodi yake ina nafuu. Mimi nimelea watoto watatu katika nyumba ya namna hiyo, na haya ndiyo ninayomwambia kila mama mgeni anayenipigia simu usiku huku anahema.

Kwanza, hakikisha ni yeye. Ana rangi moja ya kahawia mwili mzima, tumbo halina madoa wala miguu haina mistari. Mwili wake hauzidi punje ya harage, na akinyoosha miguu anatosha juu ya sarafu ya senti 25. Karibu na kichwa ana alama iliyokolea yenye umbo la fidla, lakini alama hiyo isikupumbaze, wapo buibui wengi wasio na neno ambao mtu akiwa na hofu atawaona na fidla, gita na zeze. Tazama macho. Buibui wengi wana macho manane, huyu ana sita. Nilimfunika mmoja kwa glasi, nikampiga picha kwa simu na kuikuza: jozi moja mbele, jozi moja kila upande. Tangu hapo sibishani na mtu kuhusu fidla.

Yupo buibui mwingine wa kuogopwa, mweusi wa kung'aa mwenye alama nyekundu chini ya tumbo. Huyo hukaa zaidi nje: chini ya viti, kwenye kuni, pembe za gereji. Kwake dawa ni glavu na tochi, basi.

Wa kahawia ndiye wa kuishi naye, na neno hilo la kuishi naye silisemi kwa mzaha. Mwaka 2001, katika nyumba moja ya mji wa Lenexa, Kansas, walikamatwa buibui wa kahawia 2,055 kwa muda wa miezi sita. Familia ya watu wanne ilikuwa ikikaa humo miaka kadhaa, na mpaka wakati ule hakuna aliyekuwa ameumwa. Rick Vetter, mtaalamu wa buibui wa chuo kikuu cha California, Riverside, alishiriki kuiandika habari hiyo. Mimi iliniondolea nusu ya hofu. Buibui huyu hana shida na wewe. Anauma akibanwa na ngozi: mguu ukiingia kwenye kiatu alimolala, mkono ukipita kwenye shati lililokaa sakafuni, mtu akigeuka kitandani juu yake. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha hapatikani mahali ambapo mwili unaingia bila macho kutangulia.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alinikuta na kandambili mkononi. "Mama Salma, mwache huyo. Buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni." Nikamjibu, "Mama, yule wa pangoni simgusi. Huyu analala kwenye soksi za wajukuu zako." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kandambili nyingine iko wapi.

Anza na kitanda. Kivute kisiguse ukuta. Ondoa pazia la kitanda linaloning'inia mpaka chini, na usiweke maboksi uvunguni. Blanketi lisiburure sakafuni, maana hiyo ni ngazi umemwekea. Kikibaki kinagusa chini kwa miguu yake tu, umeshapunguza hatari kubwa kuliko zote. Chandarua nacho kinasaidia, Wamarekani wacheke wakitaka, ila lazima kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kikiachwa kinafagia sakafu, afadhali usiwe nacho.

Nguo na viatu: kung'uta. Aliyekulia penye nge na tandu hafundishwi jambo hili, lakini watoto waliozaliwa huku wanahitaji kukumbushwa kila asubuhi. Viatu vya theluji na makoti yaliyokaa miezi stoo yakung'utwe nje, kipande kwa kipande. Nguo za kuvaa mara chache huziweka kwenye mifuko ya plastiki inayofungwa.

Halafu maboksi ya karatasi. Sisi wahamiaji tuna ugonjwa wa kutotupa boksi, kwani huenda tukahama tena, au kuna mzigo wa kutuma nyumbani. Buibui huyu anapenda mikunjo ya boksi la karatasi kuliko kitu chochote. Hamishia vitu kwenye kontena za plastiki zenye kifuniko kinachobana.

Mitego ya gundi ni bei rahisi na inafanya kazi mbili: inakamata na inakuonyesha wanapita wapi. Itege kando ya kuta, nyuma ya kabati, karibu na hita ya maji. Anatembea usiku na hupenda kufuata ukuta, kwa hiyo mtego wa katikati ya chumba utaunasa mguu wa mwanao. Ikitokea hivyo usivute. Paka mafuta ya kupikia, gundi italegea.

Dawa ya kupuliza siipendi. Yeye hujificha ndani ya kuta ambako haifiki, anaweza kukaa miezi bila kula, na hula hata wadudu waliokwisha kufa. Kinachofikiwa na dawa ni mtoto anayetambaa. Kama umepanga, mpelekee mwenye nyumba mitego ikiwa na buibui wake, umwombe kwa maandishi azibe nyufa.

Mtu akiumwa, mara nyingi hasikii kitu mwanzoni. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, katikati pakawa peupe au pa bluu na pembeni pekundu. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi, inua kiungo, na mchukue buibui kwenye chupa hata kama amepondeka. Usichanje, usifunge kamba, na lile jiwe la nyoka liache kwenye sanduku. Majeraha mengi hupona yenyewe. Lakini mtoto akipata homa, vipele mwilini, unyonge, macho ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa sumu inaweza kuvunja chembe za damu.

Na si kila kidonda ni buibui. Kule nyumbani tulizoea kusema mtu kakojolewa na buibui, kumbe mara nyingi ni mkanda wa jeshi au yule mdudu mwekundu na mweusi wa msimu wa mvua. Huku nako kidonda kilichovimba chenye usaha, au vidonda kadhaa kwa mpigo, mara nyingi ni bakteria, na dawa yake ni tofauti kabisa. Kama hakuna aliyemwona buibui, mwambie daktari hivyo waziwazi.

Kwa ushauri wa sumu Marekani nzima namba ni 1-800-222-1222, usiku na mchana, bila malipo. Kiingereza kikikuchanganya sema "Swahili" na usubiri, watakutafutia mkalimani.