"Si saratani," halafu?

Miaka sita iliyopita nilitolewa kinyama kwenye titi la kushoto ili kipimwe. Wiki tatu za kusubiri majibu sikulala. Siku yenyewe daktari akafungua bahasha, akapitisha macho, akasema, "Mama, si saratani. Nenda nyumbani ukapumzike." Nikamshukuru mpaka akaona haya. Bahasha nikaisokomeza chini ya sanduku la kanga, ikakaa humo miaka miwili.

Iliibuka kwa sababu ya bega. Daktari mwingine niliyemwendea na maumivu aliniuliza kama nimewahi kupasuliwa. Nikasema ni titi tu, na halikuwa na kitu. "Karatasi ya maabara unayo?" Kesho yake nikampelekea. Alisoma mstari mmoja mara mbili, akavuta kiti karibu.

Nitawaeleza alivyonieleza. Ndani ya titi kuna vifuko vidogo vya kutengeneza maziwa na mirija ya kuyapeleka kwenye chuchu. Ukuta wa mrija una tabaka mbili za seli: za ndani zinazogusa maziwa, na za nje zinazojikaza kuyasukuma. Zikiwa sawa, zimejipanga kama shanga kwenye uzi. Lakini kila mzunguko wa hedhi homoni huziamsha, baadhi zikagawanyika, na kila seli inapogawanyika lazima inakili maelekezo yake yote upya. Mwenye kunakili sana hukosea.

Kwa baadhi yetu seli hizo huanza kurundikana ndani ya mrija. Maabara huita hali hiyo haipaplasia. Zikirundikana huku bado zina sura yake ya kawaida, hatari ya kupata saratani baadaye hupanda kidogo, mara 1.5 hadi 2 ya mwanamke asiye nayo. Sura ikianza kupotoka na mpangilio kuvurugika, karatasi huongezwa neno atipia, na hatari hufika kama mara 4.

Yangu ilikuwa na neno hilo. Miaka miwili lilikuwa chini ya kanga zangu.

Nikauliza kama nimeshakufa. Akacheka, akaniambia wanawake wenye hali hii wamefuatiliwa kwa miaka mingi: kati ya 100, kama 30 hupata saratani ndani ya miaka 25. Sabini hawapati. Ila kilichonishtua zaidi ni kwamba inaweza kutokea titi lolote, hata la kulia ambalo halijawahi kunisumbua. Mimi nilidhani kilichokatwa kimeondoka na balaa lake. Kumbe kile kinyama kilikuwa kama moshi unaokuonyesha kwamba nyumba nzima ina kuni kavu.

Basi ndugu zangu, ukiambiwa "si saratani", usiinuke kwenye kiti. Uliza: ni nini, basi? Seli zimerundikana? Zina atipia? Kuna uvimbe mwingi, kama faibroadenoma ya kawaida, ambao hauongezi hatari ya maana, na hapo utalala usingizi wako kwa haki. Omba nakala ya ripoti, siyo maneno ya mdomo.

Taja pia saratani za ukoo, na usisahau upande wa baba. Wengi tunahesabu mama na mama wadogo tu, wakati jeni zenye hitilafu kama BRCA1 na BRCA2 hupita kwa baba vilevile.

Majirani waliniambia nisihofu kwa kuwa nimenyonyesha wanne. Kunyonyesha kunasaidia kweli: kila miezi 12 hupunguza hatari kwa kama asilimia 4. Kunapunguza, hakufuti. Na yule aliyenilaumu kwa kuweka hela kwenye sidiria, hela hazina kosa.

Sasa napigwa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kila mwaka, na ultrasaundi juu yake, kwa kuwa matiti yangu yana tishu nzito. Tishu hiyo huonekana nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao ni mweupe. Ni kumtafuta mbuzi mweupe kwenye ukungu. Uzito huo huongeza hatari nao, na kwa mkono haujulikani, picha ndiyo inayousema. Tulizungumza pia kuhusu tamoksifeni, dawa inayopunguza hatari kwa wenye hali yangu. Ina madhara yake, kwa hiyo usiinunue dukani kwa kusikia kwangu.

Kabla ya yote hayo, daktari alitaka jicho la pili. Nikarudi maabara ya zamani nikiamini kinyama changu kilishatupwa. Yule kijana wa mapokezi akaingia ndani, akatoka na kipande cha nta kisichozidi kete ya domino, kimeandikwa namba. Nilikuwa humo ndani. Walikata utando mwembamba mwingine, akausoma mtaalamu wa pili, naye akaandika neno lile lile.