Usiulize Kama Watapendana

Baji wangu mkongwe, yule kasuku mdogo wa kufugwa, ana vidole vitatu tu kwenye mguu wa kushoto. Ndege wenzake wana vinne, na yeye pia alikuwa navyo vinne mpaka nilipomletea majirani: jozi ya kasuku wadogo wa jamii ya Agapornis, wenye mkia mfupi na duara jeupe kuzunguka macho, ambao watu huwaita ndege wa mapenzi kwa sababu hukaa ubavu kwa ubavu kutwa nzima. Nyumbani tuliwaita wapenzi. Sikuwachanganya, maana nilijiona mjanja. Nilisogeza tundu lao likagusana na tundu la baji, nikasema wazoeane kwanza.

Asubuhi ya pili nilikuta matone ya damu kwenye gazeti la chini. Baji alikuwa amerukia nyaya za pembeni kama kawaida yake, akazishika kwa miguu, na jirani aliyekuwa upande wa pili akamaliza kazi. Yale mapenzi yote yalikuwa ya wao wawili. Wengine wote, kwao, ni wavamizi.

Tangu hapo nimeacha kujiuliza kama ndege fulani na fulani watapendana wakikaa tundu moja. Ninajiuliza jambo moja: huyu akipandwa na hasira kwa dakika moja, mimi nikiwa jikoni, anaweza kumfanya nini mwenzake?

Ukianza na swali hilo, mambo mengi hujibainisha. Kitu cha kwanza cha kutazama ni mdomo. Chiriku ana mdomo mfupi wa kupasulia mbegu, na uzito wake ni kama gramu 20. Akikasirika atakufukuza na kukupigia kelele, basi. Baji ana gramu 30 hadi 40 hivi, lakini mdomo wake umejipinda kama wa kasuku wote, na ukishika mguu mwembamba wa chiriku unaweza kuuvunja. Ndiyo maana siwachanganyi kasuku wa aina yoyote na ndege wadogo wa mbegu. Wapo wanaofanya hivyo kwenye vizimba vikubwa sana na mambo yakawaendea vizuri. Mimi usingizi wangu naupenda.

Ila ukubwa peke yake unadanganya. Kokatieli, yule kasuku mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa, ana uzito wa baji wawili na zaidi, lakini katika nyumba yangu mchokozi ni baji. Humvuta mkia, humnyang'anya kijiti cha kukalia, humkatizia usingizi wa mchana. Kokatieli husogea tu. Akikutana na mmoja wa wapenzi, ambaye ni kama nusu yake kwa uzito, hali ni hiyohiyo, isipokuwa sasa anayemfukuza ana nia ya kuumiza. Kwa hiyo kokatieli na baji, ndiyo, mradi nafasi iwepo. Kokatieli na wapenzi, hapana. Njiwa wadogo wapole hukaa vizuri na chiriku. Kware pia wanafaa huko chini sakafuni, ila chakula chao kifunikwe kwa juu kisiangukiwe na kinyesi, na dari ya kizimba iwe ya kitambaa laini, kwa sababu kware akishtuka huruka wima kama fataki na kugonga kichwa.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni vumbi. Kokatieli, kokatuu (kasuku wakubwa wenye kishungi) na kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe kutoka kwenye manyoya yao, mwingi kuliko unavyodhani, na kasuku waitwao makao, wale wakubwa wenye mkia mrefu, huweza kuugua mapafu kwa kuuvuta. Hao usiwaweke hata chumba kimoja.

Haya, umeshachagua. Mgeni amefika. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone; kwa ndege mgeni anaweza kuja mwenyeji akaugua. Mweke chumba kingine kabisa, mlango ukiwa umefungwa, kwa siku 30 zisizopungua. Mimi hukaa hadi 45. Lisha wenyeji kwanza, mgeni mwishoni, kisha nawa mikono na ubadilishe shati. Vyombo vyake viwe vyake. Siyo uchawi wala wasiwasi wa kupindukia: kuna bakteria aitwaye Chlamydia psittaci ambaye husafiri kwenye vumbi la kinyesi kikavu, ndege akaonekana mzima huku amembeba, na humpata hata binadamu, akaishia na homa na nimonia. Kuna pia kirusi cha ugonjwa wa mdomo na manyoya wa kasuku, ambao hauna dawa ya kuuponya. Utitiri ndio hata sisemi. Tumia siku hizo kumpeleka kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, na umpime uzito kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani ndogo ya jikoni. Ndege huficha ugonjwa mpaka hawezi tena, lakini gramu hazifichiki. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usingoje kesho.

Baada ya hapo ndipo matundu yanaingia chumba kimoja, na yasigusane. Urefu wa mkono mzima kati yake, nimeshaeleza kwa nini. Wiki moja au mbili za kusikilizana na kutazamana. Ninachosubiri ni kuona kila upande unakula na kujisafisha manyoya huku mwingine akionekana, maana ndege mwenye hofu hajisafishi. Kisha nawatoa wote kwenye chumba kilichofungwa madirisha, vioo vimefunikwa, feni imezimwa, kwa dakika 15 au 20, nami nimekaa palepale. Simu naiacha mbali.

Siku ya kuhamia pamoja, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kumwingiza mgeni kwenye tundu la mwenyeji. Kwa mwenyeji huyo ni mwizi. Tafuta tundu jipya kwa wote, au lioshe lile la zamani na kupanga upya vijiti, vyombo na vitu vya kuchezea mpaka mwenyeji mwenyewe apotee. Liwe refu kwa upana kuliko kwenda juu, kwa sababu ndege huruka kwa kwenda mbele. Nafasi kati ya nyaya ipimwe kwa kichwa cha mdogo kabisa, karibu sentimita 1.2 kwa baji na chiriku, na unene wa waya upimwe kwa mdomo wa mwenye nguvu kabisa. Weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili au tatu zisizoonana. Vijiti vya juu viwe vingi na vya kimo kimoja, kwa kuwa kila mtu anataka kukaa juu.

Sanduku la kutagia usiweke. Nimemwona kokatieli jike, mpole kuliko wote niliowahi kufuga, akigeuka askari kwa sababu ya kisanduku kitupu.

Na kila aina wawe wawili angalau. Kokatieli akitaka kukunwa huinamisha kichwa na kusubiri. Kokatieli mwenzake anaelewa. Baji haelewi, humdonoa kisogoni, na yule maskini anarudi kuinama tena kesho yake.

Usiku acha taa ndogo inayowaka. Kokatieli wana tabia ya kushtuka gizani na kujirusha huku na huko kwa vishindo, na wadogo waliolala humo ndimo wanapovunjika mabawa.

Kelele zisikutishe sana. Baji wawili wakifunuliana midomo mara nyingi ni maneno tu. Tishika ukiona mmoja anashinda chini sakafuni, au anangoja mwenzake ashibe ndipo asogee, au manyoya ya kisogo yamepungua. Hapo mtoe mchokozi, siyo anayeonewa, kwa siku kadhaa, ili akirudi akute enzi yake imekwisha. Ikitoka damu, sijaribu tena.

Leo nina kokatieli wawili na baji wanne katika kizimba kimoja. Wapenzi wana chao, ukuta wa pili. Baji wa vidole vitatu bado hurukia nyaya zilezile za pembeni kila asubuhi, na kutoka mita mbili mbele yake wale wawili hukaa ubavu kwa ubavu wakimtazama.