Wakala wa ajira anapiga Alhamisi, nijiandae vipi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni msomaji wenu wa Mbeya, nna diploma ya uhasibu na nafanya hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, huu mwaka wa nne. Niliomba kazi kampuni moja ya usambazaji Dar kupitia wakala wa ajira, sasa juzi dada mmoja wa hiyo ejensi kanitumia meseji WhatsApp kwamba Alhamisi saa nne atanipigia tuongee "kidogo tu". Sijawahi kufanya intavyuu ya simu, zote nilienda ofisini nikakaa mbele ya watu. Niongee Kiswahili au Kiingereza? Akiuliza mshahara niseme ngapi, mana bosi wangu wa sasa ananipa 650,000 mkononi, cash, hakuna makato, na nilisoma kwa mkopo wa bodi. Alafu kabla ya hapa dukani nilikaa nyumbani kama mwaka hivi nalea mtoto, hilo nalificha? Naomba msaada nna presha kweli.

JIBU: Hongera mdogo wangu, mpaka mtu wa ejensi anapanga muda na wewe ujue CV yako imeshapita mahali. Ila hiyo "kidogo tu" isikulaze, ni intavyuu kamili, na wengi wanaishia hapo hapo.

Kwanza uelewe unaongea na nani. Huyo dada haajiri, kampuni imempa kazi ya kuchuja, ana orodha ya watu wa kuwapigia na mwisho anatakiwa apeleke majina machache kwa mwajiri na kila jina liwe na maelezo mafupi. Yani ukishakata simu anakaa anaandika mistari kadhaa juu yako, na bosi wa Dar atasoma hiyo mistari kabla hajakuona sura wala kusikia sauti. Hapa ndo watu wazuri kabisa wanapotelea, mtu anaongea dakika ishirini nzima mi mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha, sasa huyo dada aandike nini hapo, wote kumi aliowapigia wamesema hivyo hivyo. Mpe vitu vinavyoandikika. Mfano useme: "Nasimamia madeni ya wateja wa jumla, nafunga hesabu kila mwisho wa mwezi, na ritani za VAT nazituma mwenyewe kabla ya tarehe 20." Sentensi moja tu hiyo, na anaweza kuichukua kama ilivyo akaipeleka kwa bosi. Ongeza idadi ya wateja unaowafuatilia, ongeza programu unayotumia kama ni Tally au QuickBooks au Excel tupu, ongeza deni moja sugu ulilolifuatilia mpaka likalipwa na ulifanyaje. Kampuni ya usambazaji inaumwa na madeni kila siku, mzigo unatoka leo hela inakuja baada ya mwezi au haiji, kwahiyo hilo la madeni lipe nafasi kubwa kuliko yote hata kama kwako unaliona la kawaida.

Jumatano usiku toa tangazo la kazi na ile CV ile ile uliyotuma, sio mpya uliyoirekebisha juzi, viweke mbele yako. Hii ndo raha ya simu, ofisini huwezi kuchungulia karatasi lakini hapa hakuna anayekuona. Pembeni ya kila kitu wanachotaka kwenye tangazo andika kwa maneno mawili matatu ulishakifanya wapi. Usiandike majibu marefu ya kusoma, mtu akisoma kwenye simu anasikika hapo hapo, sauti inakuwa moja kama ya taarifa ya habari.

Kuhusu muda, mjibu ile meseji leo: "Asante, nathibitisha Alhamisi saa nne asubuhi, 10:00." Andika zote mbili, mana wapo wanaosema saa nne wakimaanisha 4:00 jioni, na ejensi nyingine simu inapigwa kutoka nje. Nairobi saa ni sawa na zetu, ila Johannesburg wako nyuma saa moja, akikwambia 10:00 ya kwao kwako ni saa tano. Afu hiyo siku ni siku ya kazi. Usipokee ukiwa dukani huku mteja anauliza bei ya nondo na bosi yuko mezani anakusikiliza! Omba ruhusa ya masaa mawili, kaa sehemu yenye mtandao unaoujua, simu chaji imejaa, na wimbo wa kumsubirisha anayekupigia utoe kwa wiki hii. Weka na vocha ya kutosha, laini ikikatika katikati usikae kusubiri, mpigie wewe au mtumie meseji fasta kwamba mtandao umekata. Na akikosea akapiga siku nyingine kabisa, uko ndani ya daladala, pokea kwa adabu useme uko barabarani husikii vizuri, mnaweza kuongea baada ya nusu saa? Hakuna wakala wa maana atakayekasirika kwa hilo.

Lugha: fuata yake. Akianza Kiswahili we jibu Kiswahili, lakini jiandae katikati ageuze aseme haya niambie kidogo kuhusu kazi zako kwa Kiingereza, wanafanya hivyo sana ili aweze kuandika kwamba anaongea au haongei. Jizoeze maelezo ya dakika mbili ya kazi unayofanya sasa, kwa sauti, jirekodi kwenye simu usikilize. Usianze na samahani Kiingereza changu sio kizuri, hakuna aliyeuliza. Ongea taratibu, ukimaliza nyamaza, sauti kwenye simu inachelewa kidogo na ukijaza kila kimya mtaishia kugongana maneno.

Sasa mshahara, hapa nataka unisikilize vizuri sana mana hapa unaweza kujiumiza bila kujua. Hiyo 650,000 unayopewa cash, ukiitaja tu hivyo hivyo, yeye anaandika kama mshahara ghafi, yani kabla ya makato. Kwenye kampuni rasmi kuna NSSF, yani mfuko wa hifadhi ya jamii, kawaida mfanyakazi anachangia asilimia 10, kuna PAYE, yani kodi inayokatwa kwenye mshahara, na wewe uliyesoma kwa mkopo kuna bodi ya mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tufanye amekupa milioni moja ghafi na yote ni mshahara wa msingi. NSSF inaondoka 100,000, inabaki 900,000. PAYE kwa viwango vya Bara, 270,000 ya kwanza haikatwi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 ni asilimia 20, inayofuata mpaka milioni asilimia 25, ukijumlisha kodi ni 103,000. Bodi 150,000. Unabaki na 647,000 mkononi. Umeona? Umepata kazi ya milioni, umehama Mbeya, umepanga chumba Dar, na mkononi unapokea pungufu ya ulichoacha nyumbani. Ni kweli NSSF ni akiba yako na mkopo unapungua, sikatai, na mwajiri nae anachangia upande wake, lakini kodi ya nyumba hailipwi na akiba ya NSSF. Kwahiyo kaa chini leo na kalamu, anza na unachohitaji mkononi ukiwa Dar, panda nacho mpaka upate ghafi yake.

Watu husema kwenye mshahara anayetaja namba wa kwanza amekwisha, ila kwa wakala naona hiyo haina nguvu sana. Mara nyingi ameshapewa bajeti na mwajiri, muulize tu kwa upole: "Bajeti ya nafasi hii iko wapi ili nijue kama tunaendana?" Akikwambia, vizuri. Akirudisha swali kwako taja namba yako kwa ujasiri na useme neno ghafi, mfano kuanzia milioni moja na laki tatu ghafi, kutegemea na marupurupu. Ukijibu "yoyote tu mtakayonipa" anakuandika hivyo hivyo, na ofa itakuja hivyo hivyo.

Mwaka wa mtoto usifiche. Kwenye CV tarehe zinaonekana, na ukijiumauma ndo anaweka alama ya kuuliza. Sema nilikuwa nyumbani nalea, nikarudi kazini, na mpaka leo niko hapo mwaka wa nne, kisha endelea na kazi. Usieleze ndoa, wala nani anakaa na mtoto. Akikuuliza una mpango wa kuzaa lini, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na kifungu hicho kinamhesabu hata mwombaji wa kazi kama mfanyakazi na wakala wa ajira kama mwajiri. Huna haja ya kumsomea sheria kwenye simu, mjibu tu kwamba majukumu yangu ya nyumbani yamepangwa na naweza kazi hii, ila moyoni ujue aliyekosea ni yeye.

Swali la unaweza kuanza lini usijibu hata kesho. Anayelipwa kwa mwezi sheria hiyo hiyo inataka notisi isiyopungua siku 28, jibu mwezi mmoja baada ya kupata barua. Bosi wa Dar akisikia hata kesho atajiuliza na yeye utamuachaje.

Na wewe uliza. Nafasi ni mpya au kuna mtu kaondoka? Baada ya simu hii kuna hatua ngapi? Alafu muombe asitume CV yako kwa kampuni nyingine yoyote bila kukuambia, mana ejensi mbili zikipeleka jina lako kwa mwajiri mmoja wanaanza kugombania malipo, na mwajiri anaona bora amchukue mwingine asiye na kesi. Jioni mtumie meseji fupi ya asante, basi, siku tano za kazi zikipita kimya ndo unauliza.

SWALI: Dada mi niko Mwanza, nimepigiwa na mtu anasema ni wa ejensi, kaniuliza maswali mawili tu, kesho yake kasema nimepita nitume 45,000 ya vipimo na fomu kwa namba ya simu. Nitume?

JIBU: Usitume hata mia kaka yangu. Wakala wa kweli analipwa na mwajiri anayetafuta mtu, na mkataba wa shirika la kazi duniani ILO, namba 181 wa mwaka 1997, msimamo wake ni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mwambie akupe jina la kampuni inayoajiri na simu ya mezani ya ofisi yao, alafu we itafute namba ya hiyo kampuni kwa njia yako mwenyewe uulize kama hiyo nafasi ipo. Akianza kukuharakisha kwamba nafasi inachukuliwa leo saa kumi, achana nae na ile namba iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Na kama ulishamtumia picha ya kitambulisho chako cha NIDA, piga *106# leo hii uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika wakaifute.