Kufungua nchi baada ya janga: maswali yenu

Safu iliyopita nilisema kwamba Kenya ilijifunza kulegeza masharti ya korona kwa kujikwaa. Wengi mmeniandikia, baadhi kwa hasira. Nimechukua maswali matano.

Maambukizi yakishashuka, kwa nini serikali isifungue kila kitu siku moja tukamaliza? (Mchuuzi, Kongowea)

Kwa sababu hesabu ya leo ni habari ya juzi. Mtu aliweza kukaa na virusi hata siku 14 kabla ya dalili kumtokea, na wodini akafika baadaye zaidi. Tarehe 6 Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuondoa zuio la kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera. Tarehe 27 mwezi huohuo alirudi kwenye runinga: mikahawa isiuze pombe, na ifungwe saa moja jioni. Hizo ni wiki tatu kamili. Ukifungua dirisha moja ukangoja, utajua moshi unaingilia wapi. Ukiyafungua yote utabaki kukisia.

Hivi korona ilikuwa ikitembea usiku tu? Kafyu ilisaidia nini? (Msomaji, Likoni)

Ndugu yangu, wewe wa Likoni ndiye ungenijibu mimi. Kafyu ya kwanza ilianza Ijumaa, 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Alasiri ile kila aliyekuwa kazini kisiwani alitaka kuvuka kabla ya saa kufika. Watu wakajazana kivukoni bega kwa bega. Wakaja polisi na virungu na gesi ya kutoa machozi, umati ukawa unakohoa, tena wakati wa ugonjwa unaoenezwa kwa kukohoa! Amri ya kuwatenganisha watu ikawabana pamoja.

Sisemi kafyu haikuzuia kitu. Harusi za usiku na mikesha ya matanga ilipungua. Ugomvi wangu ni saa. Saa moja jioni Mombasa, Magharibi imeingia sasa hivi tu. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili: muuza kaimati alipata kuuza mchana tu, na yule wa viazi karai, ambaye wateja wake huja wakitoka kuswali Isha, hakuwa na biashara kabisa. Mwanzoni mwa Juni kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku. Lau ningeulizwa, hilo lingetangulia mengine yote, wiki nyingi mapema. Kuongeza saa mbili hakuli hazina ya serikali, na abiria wa matatu na wa feri hawaondoki wote kwa mkupuo mmoja.

Kipi kifunguliwe kwanza, shule au baa? (Mama wa watoto watatu, Kisauni)

Shule, mama. Sisi tulifanya kinyume. Baa zilifunguliwa mwishoni mwa Septemba 2020. Tarehe 12 Oktoba wakarudi darasa la nne, la nane na kidato cha nne pekee. Wengine wakangoja hadi Januari 2021. Najua jibu la serikali, kwamba darasa la watoto 80 halina nafasi ya mita moja. Ni kweli. Lakini mti wa mwembe upo, na zamu ya asubuhi na ya alasiri ipo. Majirani zetu Uganda walichelewa zaidi: wapo wanafunzi waliotoka shuleni Machi 2020 wakarudi Januari 2022. Msichana aliyepata mimba katika muda huo hakutangazwa kwenye taarifa ya kila siku ya wagonjwa.

Nani aamue, daktari au mwanasiasa? (Msomaji, Nakuru)

Mwanasiasa, maana yeye ndiye tunayeweza kumng'oa kwa kura. Ila ataje kipimo mapema. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kati ya wanaopimwa, wenye virusi wawe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili. Tazama asilimia, usitazame idadi tupu. Leo wakipimwa 1,000 wakapatikana 100, kesho wakapimwa 200 wakapatikana 40, redio itasema wagonjwa wamepungua. Kumbe kiwango kimeruka kutoka asilimia 10 hadi 20.

Kafyu yetu iliondolewa Mashujaa Dei, 20 Oktoba 2021. Tulishangilia, mimi nikiwamo. Lakini kabla ya siku ile raia wa kawaida hakuwa na namna ya kujua kama itaondolewa kesho au mwakani.

Na nyumba za ibada? (Msomaji, Voi)

Zilifunguliwa Julai 2020 kwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, wenye umri chini ya miaka 13 na zaidi ya 58 wakae nyumbani. Kiafya, wazee kuzuiwa kulikuwa na sababu: ugonjwa uliwaua wao zaidi. Mjomba wangu alikuwa na miaka 61. Alikuwa akiweka kiti chake cha plastiki barazani kwao, mkabala na msikiti, na kuswali akifuata sauti.